Anzia Ukutani: Mwongozo Kamili wa Kulisoma Jengo la Kirumi

Wageni wengi wanaofika Roma hutazama nguzo. Wanapiga picha ya marumaru nyeupe, wanasoma bango la maelezo, wanasonga mbele. Nguzo ni nzuri kweli, lakini katika majengo mengi makuu ya Warumi si nguzo zilizobeba mzigo. Uliobeba ni ukuta wa zege na tao lililo nyuma yake, na marumaru ikaja mwishoni kuvalishwa juu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ukutani, unapanda hadi kwenye tao na kuba, ndipo unashuka kwenye nguzo, maandishi, michongo, nyuso na rangi. Ukiufuata kwa mpangilio huo utaweza kukisia umri wa gofu kabla hujasoma bango lolote, na utatambua kipi kilijengwa kisimame na kipi kilibandikwa kipendeze.

Si lazima uwe na tiketi ya kwenda Italia. Afrika Kaskazini ilikuwa ndani ya dola ya Roma kwa karne nyingi. El Djem na Dougga nchini Tunisia, Timgad nchini Algeria, Leptis Magna na Sabratha nchini Libya ni miongoni mwa magofu ya Kirumi yaliyohifadhika vizuri kuliko yote. Na ukiwa na picha kubwa na safi za mtandaoni, hatua nyingi za hapa unaweza kuzifanya ukiwa umekaa sebuleni.

Kabla ya kuanza

Beba daftari, tochi ndogo, futi ya kupimia na darubini. Darubini ndiyo ambayo watu huiacha hotelini, nayo ndiyo utakayoihitaji zaidi, kwa sababu michongo mingi bora iko mita 10, 20 au 30 juu ya kichwa chako. Andika namba moja kwenye jalada la daftari: futi moja ya Kirumi ilikuwa sentimita 29.6 hivi. Ukigawanya vipimo vya majengo haya kwa namba hiyo, mara nyingi utapata hesabu isiyo na mabaki.

Chagua saa. Asubuhi mapema na jioni jua hupiga ukuta kutoka ubavuni, na kila mkwaruzo wa patasi hutoa kivuli. Saa sita mchana mchongo huohuo huonekana kama ubao mtupu. Na usiguse ukuta wala kuinua kipande chochote kutoka ardhini. Kila kinachohitajika hapa kinaonekana kwa macho.

Hatua ya 1: Soma uso wa ukuta

Sogea karibu, hatua moja kutoka ukutani, kisha jiulize: uso huu umepangwa kwa nini? Ukuta wa kawaida wa Kirumi una tabaka tatu. Nje kuna ngozi mbili nyembamba za mawe au matofali, moja kila upande, na katikati kuna kiini cha zege. Ngozi hizo zilibadilika karne hadi karne, na mabadiliko hayo ndiyo saa yako.

Ukiona mawe makubwa ya mstatili yamepangwa bila zege lolote, huenda uko mbele ya kazi ya zamani sana. Nje ya kituo kikuu cha reli cha Roma, Termini, kuna kipande kirefu cha ukuta wa namna hiyo wa karne ya 4 KK, uliojengwa kwa tufo, jiwe laini la volkeno. Lakini hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa kujenga kwa mawe makubwa hakukukoma. Kuliendelea katika madaraja, mahekalu na viwanja vya michezo. Mawe makubwa peke yake hayatoshi kukupa tarehe.

Ukiona mawe madogo ya maumbo yasiyolingana, yamebanana bila mistari, fikiria karne ya 2 KK na mwanzo wa karne ya 1 KK. Mahali pazuri pa kujifunza uso huu ni hekalu la mungu wa kike Fortuna huko Palestrina, mashariki ya Roma, ambako mlima mzima umefanywa ngazi za zege.

Ukiona mawe madogo ya mraba yamesimamishwa kwa pembe zake, yakitengeneza wavu wa mistari ya mshazari, hiyo ni kazi ya kuanzia karne ya 1 KK hadi wakati wa kaizari Hadrianus, mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Kila jiwe limechongwa kama piramidi fupi. Kitako chake ndicho unachokiona, na ncha imezama ndani ya zege. Kaburi la Augustus, kaizari wa kwanza, jijini Roma, lililoanza kujengwa mwaka 28 KK, lina uso huu. Katika makazi ya Hadrianus huko Tivoli utaona wavu huo umegawanywa kwa mikanda ya matofali.

Ukiona matofali ya kuchoma, membamba na marefu, uko katika enzi ya makaizari. Yalienea tangu karne ya 1 BK, na mji wa bandari wa Ostia umejaa kuta zake. Na ukikuta safu moja ya matofali inafuatwa na safu moja ya vijiwe vya mstatili, zamu kwa zamu, fikiria enzi za mwisho. Uwanja wa mbio wa Maxentius kando ya barabara ya Via Appia, wa mwanzo wa karne ya 4, ni mfano usio na shaka.

Kwenye matofali, toa futi yako ya kupimia. Warumi walichoma tofali bapa za mraba za saizi tatu maarufu: ndogo ya karibu sentimita 20, ya kati ya karibu 45, na kubwa ya karibu 59, yaani futi mbili zao. Ile ndogo ilikatwa mshazari ikatoa pembetatu mbili, upande mrefu ukatazama nje na ncha ikauma zege. Ndiyo maana mbele unaona tofali refu jembamba, lakini mahali ukuta ulipovunjika unaona meno. Tafuta meno hayo; ni kitu cha kupendeza kukigundua mwenyewe.

Baadhi ya matofali yalipigwa muhuri kiwandani, wenye jina la mwenye shamba la udongo na wakati mwingine majina ya makonsuli, viongozi wakuu wawili wa mwaka. Mihuri ya mwaka 123 BK ni mingi kupita kiasi, kiasi kwamba mtaalamu akiukuta anajua kwanza kwamba jengo si la kabla ya hapo. Pantheon, hekalu maarufu la Roma lenye kuba, kwa karne nyingi ikidhaniwa kuwa kazi ya Agrippa wa siku za Augustus, ilihamishiwa karne ya 2 BK kwa ushahidi wa mihuri ya matofali.

Bado ukiwa hapo, tafuta vitu vitatu zaidi: matundu ya mraba yaliyopangwa kwa safu, ambamo mbao za jukwaa la mafundi zilichomekwa, matao ya matofali yaliyozikwa ndani ya ukuta mzima, juu ya milango na hata mahali pasipo na mlango, na matundu madogo yaliyotawanyika, ambayo mara nyingi ndiyo yaliyoshikilia vibao vya marumaru. Hayo ya mwisho yatakukumbusha kwamba uso uliokuwa ukiusoma haukukusudiwa kuonekana. Ulifunikwa kwa lipu au marumaru, na sisi tunauona kwa sababu waliokuja baadaye walivua jengo nguo zake.

Hatua ya 2: Tazama zege lenyewe

Tafuta mahali ukuta umemeguka, umulike kwa tochi. Ndani utaona mawe au vipande vya matofali vya ukubwa wa ngumi, vimelazwa kwenye chokaa. Zege la Kirumi halikumwagwa likiwa uji kama tunavyofanya leo. Fundi alitandaza chokaa kwa mwiko, akalaza mawe kwa mkono, akatandaza tena. Tabaka hizo mara nyingi zinaonekana.

Mafundi wetu husema zege halilali. La Kirumi lililala, na pengine ushahidi wake uko mbele yako: katika kuta nyingi za matofali kuna mikanda ya matofali makubwa ya futi mbili inayopita ukuta mzima kutoka uso hadi uso, kila baada ya mita moja au zaidi. Wataalamu wengi wanaiona kuwa mipaka ya kazi, mahali ambapo mafundi walisawazisha, wakaacha, kisha wakaanza upya.

Siri ya nguvu yake ni majivu ya volkeno. Vitruvius, msanifu aliyeandika siku za Augustus, anaeleza vumbi la ajabu kutoka eneo la Baiae na mlima Vesuvius ambalo likichanganywa na chokaa huganda hata chini ya maji. Kwa kuta anapendekeza sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga wa machimbo. Kwa kazi za baharini, sehemu moja ya chokaa kwa mbili za vumbi hilo. Mfalme Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, vumbi hilo lilisafirishwa kwa meli kutoka ghuba ya Napoli hadi pwani ya Palestina.

Aliyetembelea Kilwa Kisiwani au Gede anaijua chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, na ameona kuta, na huko Kilwa makuba pia, zilizosimama kwa karne nyingi kwa chokaa hiyo. Tofauti iko kwenye kuganda: chokaa tupu hukauka polepole kwa kunyonya hewa, na ndani ya ukuta mnene hewa haifiki kwa urahisi. Ikichanganywa na majivu ya volkeno huganda kwa kemia iliyo ndani yake yenyewe, hata katikati ya ukuta wa mita sita.

Ukiona vidonge vyeupe ndani ya zege, usidhani fundi alikuwa mzembe kuchanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 juu ya zege la Privernum, kusini ya Roma, ulionyesha kwamba vidonge hivyo vya chokaa vinaweza kuwa vilitokana na kuchanganya chokaa hai ikiwa moto, na kwamba ufa ukipita ndani yake na maji yakaingia, chokaa huyeyuka na kuuziba ufa.

Nje ya Italia kanuni hubadilika, kwa sababu majivu hayo hayapatikani kila mahali. Uwanja wa El Djem, wa karne ya 3 BK, wenye urefu wa mita 148 hivi, unafuata wazo la Colosseum, uwanja mkuu wa michezo wa Roma, lakini umejengwa kwa mawe ya kuchonga. Swali la kujiuliza popote Afrika Kaskazini ni hili: fundi alifanya nini hapa bila zege la Roma?

Hatua ya 3: Panda kwenye tao na kuba

Tao ni mawe yaliyochongwa umbo la kabari, yakipangwa juu ya kiunzi cha mbao mpaka jiwe la katikati lifungie yote, kisha kiunzi kinaondolewa. Kuanzia hapo uzito unashuka ubavuni, kushoto na kulia. Linta ya jiwe hupinda katikati na kupasuka, kwa hiyo upana wake una mpaka. Tao lina mpaka mkubwa zaidi, mradi ubavu umeshikwa. Kila uonapo tao la Kirumi, usitazame uwazi wake kwanza. Tazama kilicho pembeni: nini kinazuia miguu yake isitanuke? Jibu huwa tao la jirani, au ukuta mnene, au ardhi yenyewe.

Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, ni darasa kamili la swali hilo. Ni daraja la maji lenye ngazi tatu za matao na kimo cha karibu mita 49, sehemu ya mfereji wa kilomita 50 hivi uliopeleka maji katika mji wa Nîmes. Katika umbali wote huo mfereji unashuka takriban mita 12 na nusu tu. Mawe ya ngazi za chini yamepangwa bila chokaa. Tazama vichwa vya mawe vilivyoachwa vikichomoza usoni: vilishikilia viunzi na majukwaa, na hakuna aliyejisumbua kuvikata.

Refusha tao liwe kama handaki, utapata dari la tao. Pitisha mahandaki mawili yakatizane, uzito utashuka kwenye pembe nne tu, na kuta kati ya pembe zinaweza kufunguliwa madirisha makubwa. Ndivyo zilivyopata mwanga kumbi kuu za mabafu. Zungusha tao juu ya mhimili wake, utapata kuba. Hapo twende Pantheon, na tukae.

Anza nje, ubavuni, si mbele. Utaona matao makubwa ya matofali yamezikwa ndani ya ukuta wa duara, yakielekeza uzito kwenye nguzo nene za ukuta. Ukuta huo una unene wa karibu mita 6, lakini si mzima. Umetobolewa kwa vyumba na mashimo, mengine hayaonekani kabisa. Ingia ndani, simama chini ya tundu la juu. Kipenyo cha ukumbi ni mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu ni hichohicho, kwa hiyo tufe zima lingeweza kukaa humo ndani likigusa sakafu. Hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi kwa ukubwa.

Sasa hesabu vikasha vya darini: safu tano, kila safu vikasha 28. Vinapunguza uzito kiasi, lakini kazi kubwa imefanywa na mawe usiyoyaona. Chini kabisa, msingini, zege limetiwa travatini, jiwe zito. Kadiri jengo linavyopanda, travatini inapungua na tufo na matofali yaliyovunjika yanachukua nafasi, hadi juu kwenye tundu ambako kuna mawe mepesi ya volkeno yenye matundu. Unene nao unashuka, kutoka karibu mita 6 kuba linapoanzia hadi chini ya mita 2 ukingoni mwa tundu. Fundi aliyepanga hivyo alielewa kwamba kuba linauawa na uzito wake lenyewe, na sidhani kama kuna jengo jingine la kale linaloonyesha ufahamu huo kwa uwazi kiasi hiki.

Kabla hujatoka, inama utazame sakafu. Imebinuka kidogo, na katikati kuna matundu ya kutolea maji, kwa sababu tundu la juu, la karibu mita 9, liko wazi na mvua huingia.

Hatua ya 4: Sasa tazama nguzo

Jifunze vichwa vitatu: cha Kidoriki, ambacho ni mto na ubao bila pambo, cha Kiionia, chenye mikunjo miwili, cha Kikorintho, chenye majani ya akantho. Colosseum inakupa vyote ukutani mmoja: chini nguzo za Kitoskana, ambazo ni ndugu wa Kidoriki wa Kiitalia, ngazi ya pili Kiionia, ya tatu Kikorintho, na juu kabisa nguzo bapa. Zote zimegandamana na ukuta. Matao 80 ya chini ndiyo yanayofanya kazi. Nguzo zinapanga macho. Upande wa kaskazini, kwa darubini, soma namba za milango zilizochongwa juu ya matao, kuanzia XXIII hadi LIIII. Vishimo vilivyotapakaa kwenye travatini si risasi wala wadudu. Vilichimbwa na watu wa zama za kati waliotafuta vyuma vilivyounganisha mawe.

Swali la pili kuhusu nguzo ni la jiwe: limetoka wapi? Warumi walitumia rangi ya jiwe kutangaza mipaka ya mamlaka yao, na Afrika inajitokeza kila mahali. Granaiti ya kijivu ya nguzo za mbele za Pantheon ilichimbwa Mons Claudianus, katika jangwa la mashariki ya Misri. Ile ya waridi ni ya Aswan. Porfiri ya zambarau, iliyopendwa na makaizari, ilitoka Mons Porphyrites katika jangwa hilohilo. Marumaru ya manjano ni ya Chemtou, Tunisia. Kila nguzo ya ukumbi wa mbele wa Pantheon ni jiwe moja, kimo cha karibu mita 12, na zile za kijivu zilivutwa jangwani hadi Nile, zikashushwa mtoni, zikavushwa bahari.

Halafu rudi nyuma uwanjani, utazame juu ya paa la ukumbi huo wa mbele. Kwenye ukuta ulio nyuma yake kuna mstari wa pembetatu ya pili, ya juu zaidi, isiyogusana na paa. Baadhi ya wataalamu wanadhani nguzo ndefu zaidi ziliagizwa na hazikufika, mafundi wakalazimika kushusha paa. Hakuna aliyethibitisha, lakini mstari upo, na ni mzuri kwa mazoezi ya jicho.

Hatua ya 5: Soma maandishi

Huhitaji kujua Kilatini chote. Jua kwamba V ni U pia, na ujifunze vifupisho vichache: F ni mwana, COS ni konsuli, IMP ni jina la amiri mshindi ambalo likawa la kaizari, TRIB POT ni mamlaka ya utetezi wa raia yaliyohesabiwa kila mwaka, PP ni baba wa taifa. Namba iliyo baada ya TRIB POT ndiyo dhahabu. Kwenye kitako cha safu ya kaizari Traianus, nguzo ndefu ya ukumbusho jijini Roma, inasomeka XVII, na hiyo hutupeleka mwaka 113.

Lakini maandishi husema anachotaka mwenye kuandika. Pantheon inasema M·AGRIPPA·L·F·COS·TERTIVM·FECIT: Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, konsuli kwa mara ya tatu, alijenga. Agrippa alijenga hekalu hapo kweli, lakini lililosimama leo ni la siku za Traianus na Hadrianus, lililokamilika kati ya miaka ya 125 na 128 hivi, na jina la mjenzi wa kwanza likarudishwa kwa heshima.

Nenda pia kwenye tao la Septimius Severus katika Forum, uwanja mkuu wa kale wa Roma, la mwaka 203. Huyu ni kaizari aliyezaliwa Leptis Magna, Libya. Tazama mstari wa nne kwa darubini. Jiwe limechimbwa chini kidogo, na matundu ya misumari iliyoshika herufi za shaba hayaendani na herufi unazozisoma. Hapo palikuwa na jina la Geta, mwanawe mdogo. Kaka yake, Caracalla, alimuua mwaka 211, akaamuru jina lake lifutwe kila mahali, na nafasi ikajazwa sifa za waliobaki.

Hatua ya 6: Fuata michongo

Safu ya Traianus ina ukanda unaozunguka kuanzia chini hadi juu, mita 190 au zaidi, wenye watu kama 2,600, ukisimulia vita vyake dhidi ya Wadacia, kaskazini ya mto Danube. Ukisimama chini utaona mizunguko michache tu. Njia bora ni hii: kwanza tazama mizunguko ya chini hapo hapo Roma, kisha maliza kwa nakala. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina nakala nzima ya plasta, imegawanywa vipande viwili ukumbini, na kuingia ni bure. Wasomaji walioko Uingereza wana bahati hapo.

Usijaribu kusoma yote. Mtafute Traianus, anaonekana karibu mara 60, akihutubia, akitoa sadaka, akipokea wajumbe. Halafu hesabu mapigano ulinganishe na ujenzi. Utashangaa ni mara ngapi askari wanakata miti, wanabeba mawe na kujenga ngome. Msanii alitaka watu waone vita kama kazi ya mpangilio, na hilo linaeleza dola hii kuliko upanga wowote. Tafuta pia wapanda farasi wenye nywele zilizosokotwa, wanaoendesha bila matandiko: ni Wamauri wa Afrika Kaskazini, wa kikosi kinachohusishwa na jemadari wao Lusius Quietus.

Hatua ya 7: Tazama nyuso

Kwa sanamu za vichwa, anza na jicho. Mboni ikiwa laini, bila mchongo, sanamu kwa kawaida ni ya kabla ya miaka ya 130 BK. Mboni zilipakwa rangi na rangi imetoweka. Ikiwa mboni imechorwa kwa patasi au kutobolewa, ni ya baada ya hapo. Kisha ndevu: makaizari waliotangulia walinyoa, Hadrianus akafuga, na wengi wakamfuata. Kisha nywele: baada ya katikati ya karne ya 2 wachongaji walitumia keekee kwa wingi, mawimbi ya nywele yakajaa vivuli virefu. Kwa wanawake, mtindo wa nywele ni kipimo kizuri zaidi, kwa sababu unaweza kuulinganisha na sarafu zenye picha za wake wa makaizari.

Uso wenye mikunjo na mashavu yaliyolegea usiuonee huruma. Katika enzi ya jamhuri, kabla ya makaizari, uzee ulikuwa sifa ya kiongozi. Augustus alivunja desturi hiyo: sanamu yake iliyopatikana Prima Porta mwaka 1863 inamwonyesha kijana, na alibaki kijana kwenye marumaru hadi kufa akiwa na miaka 75. Na ukiona kichwa ambacho uso ni mdogo kuliko masikio na shingo, shuku kwamba kimechongwa upya. Kaizari Nero alipoanguka, vichwa vyake kadhaa viligeuzwa kuwa vya kaizari Vespasianus.

Hatua ya 8: Ingia ndani ya nyumba

Pompeii, iliyofukiwa na Vesuvius mwaka 79 BK, ndiyo shule ya rangi. Mwaka 1882 mtaalamu wa mambo ya kale August Mau aligawa michoro yake katika mitindo minne, na bado inatumika. Wa kwanza ni lipu iliyoigiza vibao vya marumaru. Wa pili unafungua ukuta kwa nguzo na mandhari za kuchora, kana kwamba kuna uwanja nyuma yake. Wa tatu unaufunga tena kwa rangi pana tulivu na vinguzo vyembamba visivyoweza kubeba chochote. Wa nne unachanganya yote. Jiulize tu: ukuta huu unajifanya jiwe, dirisha, pazia, au vyote?

Sakafuni pima vijiwe vya mozaiki kwa jicho: kadiri vilivyo vidogo, ndivyo kazi ilivyogharimu. Ile ya Alexander, iliyopatikana Pompeii mwaka 1831 na kuhifadhiwa Napoli, ina zaidi ya vijiwe milioni moja. Ostia walipenda nyeupe na nyeusi, na katika uwanja wa ofisi za wafanyabiashara kuna tembo mmoja mbele ya ofisi ya watu wa Sabratha, Libya. Kwa rangi nyingi hakuna mahali kama makumbusho ya Bardo, Tunis; mafundi wa Afrika walikuwa mabingwa wa kazi hii.

Zoezi la mwisho: tao la Constantinus

Jipime kwenye tao la mwaka 315 lililo kando ya Colosseum, bila kusoma bango. Linachanganya kazi za enzi nne. Nguzo za manjano utazijua zimetoka wapi. Maandishi yanasema kaizari alishinda INSTINCTV DIVINITATIS, kwa msukumo wa uungu, bila kutaja mungu gani. Upande wa kaskazini, tazama medali za duara zenye mawindo na sadaka: miili ina uzani, nguo zinafuata mwili, kuna nafasi na hewa. Hizo ni za Hadrianus. Chini yake tu kuna ukanda mwembamba ambamo watu wafupi wenye vichwa vikubwa wamepangwa safu, wakimtazama kaizari aliye katikati. Huo ulichongwa kwa ajili ya Constantinus mwenyewe. Usiharakishe kuuita mbovu. Mtu aliye chini, mita kadhaa, anaelewa mara moja nani mkubwa na nani anapokea fedha, na hilo ndilo lililotakiwa.

Ndani ya njia ya katikati kuna vipande vya vita vya Traianus. Linganisha na safu yake. Juu kabisa wamesimama mateka wa Kidacia, na kati yao mabamba manane yaliyochukuliwa kwenye jengo la ukumbusho la kaizari Marcus Aurelius. Kwenye medali, vichwa vya Hadrianus vilichongwa upya kwa sura za watawala wapya. Ila vichwa vya kaizari kwenye yale mabamba manane ya juu usivitumie kukisia tarehe: viliwekwa na mafundi wa matengenezo ya karne ya 18.